Maswali Tisa na Ufunguo wa Xavérine

Jumanne, 15 Agosti

Leo wamefunga ziwa. Miezi miwili hakuna kuvua, ili sambaza, dagaa wetu, wakue. Kule Rubona mitumbwi imepandishwa mchangani, nyavu zimeanikwa, na wavuvi wanakaa wanayatazama maji tu. Wavuvi ndio wateja wetu wa usiku; wakikaa, na sisi tunakaa. Kazi yetu na yao zinafunga siku moja.

Daftari hili si wazo langu. Ni la Diane, muuguzi wa afya ya akili pale kituo cha afya. Binti wa juzi tu, viatu vya raba, sauti ndogo. Aliniita ofisini akaniuliza ninalala vipi tangu Machi, tangu yule mteja alipovunja mlango wangu na ubavu wangu mmoja. Nikamjibu ninalala kama gogo. Akanitazama weee, mpaka nikaona haya. "Kama hutaki kusema, Mukundwa, andika. Si lazima mtu asome." Nikalichukua kwa sababu ni daftari zuri, lina jalada gumu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea, Karagwe, hadi kidato cha pili, kabla familia yetu haijarudishwa Rwanda. Hapa uani wananitania, wananiita Mwalimu. Tena jirani yetu Béata, yule muuza uji, mwimba kwaya, ni mpekuzi, na Kiswahili cha kwenye karatasi hakimpandi kabisa. Kwa hiyo niko salama.

Jumatano, 16 Agosti

Kituo kimenifanya mshauri rika. Maana yake nina wanawake kumi na mmoja wa kazi yetu ninaowafuatilia, na kila mmoja ana fomu ya maswali tisa ambayo natakiwa kumsomea na kuandika majibu yake. Unalala? Unakula? Unajiona si kitu? Yanakwenda hivyo hivyo hadi la tisa, ambalo sitaki hata kulinakili humu.

Nimekaa kitandani nikazijaza zote mwenyewe. Nani kati yao ananificha kitu? Nimekaa nao miaka minane, najua nani anakoroma na nani anaiba chumvi. Hapana, hapana, hapana. Robo saa nimemaliza. Yangu ya kumi na mbili nayo hapana tisa. Diane amenishukuru kwa haraka yangu.

Ijumaa, 18 Agosti

Vumbi. Mlango umegongwa nikaangusha kikombe. Alikuwa mtoto wa jirani anaomba kiberiti. Kikombe cha tatu hicho.

Jumatatu, 21 Agosti

Xavérine amekwenda Nyakiriba kumwona binti yake Cyusa, ana miaka saba, analelewa na bibi yake. Amembebea viatu vya shule vyeusi. Kanionyesha mara nne. "Angalia soli, Mwalimu! Hii ataivaa mpaka secondaire!"

Xavérine chumba chake kimepakana na changu. Alikulia Goma kwa shangazi yake, na kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Mwezi Machi ni yeye aliyesikia kelele zangu akaja na mwiko wa ugali mkononi, na yule mwanaume, pandikizi la mtu, akakimbia mwiko. Tulicheka wiki nzima, mimi nikiushika ubavu wangu.

Ameniachia ufunguo kama kawaida. Hiyo ni sheria yetu, haijaandikwa popote: ukitoka, unampa mwenzio ufunguo na kumwambia unakwenda wapi na unarudi lini. Usiporudi, mwenzio anajua pa kuanza kukutafuta.

Amerudi saa kumi. Ameuchukua ufunguo bila kusema neno. Viatu alikuwa navyo bado kwapani.

Jumanne, 22 Agosti

Xavérine hajaamka leo. Amechoka na safari.

Alhamisi, 24 Agosti

Bado. Nimempelekea chai, nimerudi nayo. "Mama, jua limefika utosini, amka!" Kageukia ukutani. "Mi nachoka tu, Mwalimu. Niache." Uvivu huo. Na mimi nimechoka, mbona nimefua?

Jumapili, 27 Agosti

Nimejua cha Nyakiriba. Cyusa alimwita tantine, yaani shangazi, si mama. Bibi yake amemfundisha hivyo. Kamwambia tantine huyu anakuja kutusalimia, mpe mkono. Na viatu bibi kavirudisha, eti mtoto anavyo vingine.

Ameniambia hayo huku anautazama ukuta, sauti haina chumvi. Ningemtukana yule bibi, ningepasua vyungu. Yeye hata hakulia. Nikamwambia atazoea. Sasa nikiusoma huo mstari najisikia vibaya, sijui kwa nini.

Jumatano, 30 Agosti

Nimegombana na Béata. Amekuja mlangoni na mwiko wake wa uji, macho makali. "Ule mutoto wamemufanyia kitu. Hakulake, haogake. Tumupeleke ku chumba ya maombi." Nikamwambia Xavérine harogwi na mtu, anajiroga mwenyewe kwa kulala, na kama maombi yangekuwa yanafanya kazi basi uji wake ungekuwa na sukari. Watu wakacheka. Béata hakucheka. "We uko na mudomo, Mukundwa. Macho ndiyo hauna."

Jeuri gani hiyo! Ananidharau kwa kazi yangu, basi aseme.

Mchana nimemkuta Diane kituoni. "Xavérine anaendeleaje? Sijamwona." Nikajibu, "Mzima. Fomu yake si unayo?" Akasema ndiyo, anayo.

Ijumaa, 1 Septemba

Matone ya kwanza. Vumbi limelala, harufu ya udongo nzuri sana.

Jumatatu, 4 Septemba

Xavérine ameamka! Ameoga, amefagia chumba, amefua kila kitu hadi pazia. Amechana nywele. Halafu amekuja kunipa kile kitenge chake cha buluu, nilichokisumbukia miaka miwili na akaninyima miaka miwili. "Kamata. Wewe kinakufaa kuliko mi." Nikampigia vigelegele. Nikamwita Béata makusudi aje aone, nikamwambia, unaona? Bila chumba cha maombi!

Béata alimtazama Xavérine muda mrefu, akarudi kwenye sufuria yake.

Jumanne, 5 Septemba

Asubuhi Xavérine kaniachia ufunguo. Kasema anakwenda Goma kwa shangazi yake, atarudi kesho. Amevaa sweta la kijani. Kanikumbatia, sijui kwa

Jumatano, 6 Septemba

Jana niliacha sentensi katikati. Sasa naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Nilipokuwa naandika ile sentensi, wingu lilitanda juu ya ziwa. Nikakumbuka nguo zake ziko kwenye kamba. Nikazianua, nikafungua chumba chake niziweke ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri mno. Juu yake vile viatu vyeusi, vimepangwa pamoja, na bahasha imeandikwa Cyusa. Na pembeni ya bahasha, kitambulisho chake.

Nilikishika nikakitazama. Picha yake ya zamani, nywele fupi.

Bila kitambulisho huvuki kwenda Goma. Pale mpakani, petite barrière, hawakupi hata nafasi ya kujieleza. Na Xavérine anavuka mpaka ule tangu ana miaka kumi. Anaweza kusahau kichwa chake, kitambulisho hasahau. Mgeni angedhani amekisahau. Sisi hatukisahau, tunalala nacho kifuani.

Hapo ndipo kitenge cha buluu kilipoongea. Na pazia lililofuliwa. Na kukumbatiwa.

Nikapiga ukelele wa "Béata!" mpaka koo likaniuma. Alikuja mbio, nikamwonyesha kitambulisho, na sikuhitaji kumweleza. Alifanya biashara ya nyanya kuvuka mpaka ule miaka kumi na tano. Alishika kichwa. "Mana yanjye, Mungu wangu. Mi nilimuona anapanda taxi ya Rubona. Nikasema pengine iko anaenda koga mu chemchemi ya maji moto, muzuri, atapona."

Akaiacha sufuria motoni. Béata, ambaye haachi uji wake hata mvua ya mawe ikinyesha! Tukachukua pikipiki mbili, yeye mbele na kanga ya kwaya ikipepea, mimi nyuma nikimpiga dereva mabega. Njia yote nilikuwa nasema kitu kimoja tu kwa sauti, subiri, subiri, subiri. Dereva akadhani namwambia yeye, akapunguza mwendo. Nikamtukana.

Rubona, pwani ilikuwa imejaa wavuvi na maji yalikuwa matupu. Narcisse, ambaye namfahamu tangu zamani, mtu mpole, alikuwa anashona wavu. "Sweta ya kijani? Alipita pale, kwa mawe, nyuma ya maji moto. Nikamwambia mvua inakuja, hakujibu." Akautupa wavu akatuongoza, bila kuuliza.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe. Viatu amevivua, miguu ndani ya ziwa. Yuko hai. Naandika tena: yuko hai.

Mimi ni mtu wa kelele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkemee. Béata akanishika mkono, taratibu sana, na nikafunga mdomo. Nikawaomba yeye na Narcisse wasimame pale nyuma, nikaenda kukaa naye kwenye jiwe. Mvua ikaanza. Kichwani mwangu hakukuwa na neno hata moja la kwangu, ila yale maswali tisa. Nikaruka nane.

"Xavérine. Unataka kufa?"

Alinigeukia kama mtu aliyeamshwa. Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu Nyakiriba.

"Ndiyo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ya sita. Inakuyaga, inaenda. Sasa haiende tena."

"Mbona hukuniambia?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Haukuniuliza, Mwalimu. Hakuna mutu aliniulizaka."

Na fomu yake iko kwenye droo ya Diane. Hapana tisa, kwa mwandiko wangu mzuri wa kidato cha pili.

Nililia pale. Si machozi ya kumfariji mtu, nililia hovyo, kamasi na kila kitu. Nikamwambia mimi silali. Nikamwambia tangu Machi nalala nimekaa, mgongo umeegemea mlango. Kwamba vikombe ninavyosema vimeniteleza havikuteleza. Kwamba nilijaza fomu yake na yangu, zote za uongo, kwa sababu niliogopa nikimwuliza yeye ataniuliza na mimi.

"We?" akasema. "Mwalimu? Haulalake?"

"Silali."

Akanishika mkono. Ndiye aliyenishika mimi, kumbuka hilo, Mukundwa, siku utakapojisifu. Akaubonyeza. "Uko na baridi sana," akasema, akatoa miguu kwenye maji.

Béata hakuhubiri. Alifungua kanga yake akamfunga Xavérine mabegani, akapiga magoti kwenye tope akamvisha viatu, kimoja kimoja, akafunga na kamba. Narcisse akampa koti lake la plastiki, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Kituoni Diane alituona mlangoni akaacha kila kitu. Hakushtuka, hakupandisha sauti yake ile ndogo. Alikaa na Xavérine chumba cha ndani, akampigia daktari, akaenda naye hospitali mwenyewe. Viatu vya raba vinakimbia vizuri, nimeona.

Béata amekuta sufuria imeungua chini kabisa. Ameisugua leo asubuhi yote. Nimeisugua naye.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimekwenda kwa Diane kujieleza. Nilivaa vizuri kama mtu anayekwenda kufukuzwa. Nikasema kwa mkupuo, "Nilizijaza mwenyewe. Zote kumi na mbili. Sikumwuliza mtu."

Akafungua droo, akatoa zile fomu, akazichana katikati mbele yangu, akaweka mezani rundo la mpya.

"Anza upya. Kila mtu kwa mdomo wake."

"Hunifukuzi?"

"Nikikufukuza nani atawauliza? Mimi nimejaribu. Wanajibu wote wanalala kama gogo."

Nikaona aibu, nikacheka, nikalia. Akavuta kiti. "Tunaanza na yako." Nimesema ndiyo mara sita. Kwa la tisa nimesema ndiyo, mara moja, mwezi Aprili, na sasa hapana. Ameandika bila kukunja uso. Kasema ninachougua kina jina na kina tiba, na kila Jumatano nitakuja tuzungumze. Mimi niliyemwita binti wa juzi.

Jumapili, 10 Septemba

Xavérine ametoka hospitali. Nimemhamishia kwangu. Ana kidonge cha kila siku, na Diane kasema dawa haifanyi kazi upesi kama ya maumivu ya kichwa, inataka wiki kadhaa, tusikate tamaa. Vidonge anavitunza Béata, kwa makubaliano yetu sote watatu. Anamletea kimoja na uji.

Sukari imo. Nimeonja.

Jumatano, 13 Septemba

Nimeanza kuuliza. Siku tatu nimezunguka, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, simu imezimwa.

Tuyisenge alicheka tangu swali la kwanza hadi la tano. La sita lilipofika, lile la kujiona umewaangusha watu wako, akaacha kucheka akaniomba nirudie. Cyuzuzo, mdogo kuliko wote, alisikiliza yote tisa, akajibu ndiyo saba, kisha akaniuliza, na hakuwa anatania, "Kwani hii ni ugonjwa? Mi nilifikiri ndiyo maisha."

Nimemshika mkono tu. Nimerudi nyumbani nikaliandika swali lake.

Kati ya kumi na mmoja, wanane walikuwa wananificha kitu. Miaka minane nawajua, eti.

Ijumaa, 15 Septemba

Mvua kutwa. Xavérine amelala. Nimekaa naye, nimeshona.

Jumatatu, 18 Septemba

Xavérine amelalamika maharagwe yangu yana chumvi nyingi. "Unataka kuniua weye, baada ya Diane kuniponesha?" Halafu tumetazamana, na kikatoka. Kile kicheko! Kidogo, kimepauka, lakini ni chenyewe. Béata amekisikia hadi barabarani, akaja mbio na kata ya uji mkononi inachuruzika.

Jumatano, 20 Septemba

Leo nimepigana, kwa maneno. Wenzangu hawaji kituoni. Nimejua sababu kwa kuwauliza, maana sasa nauliza kila kitu. Huduma ya Diane ni asubuhi saa mbili, foleni moja na kina mama wa kliniki ya watoto. Ukisimama pale kuna anayevuta mtoto wake pembeni. Kuna anayesema indaya, malaya, kwa sauti ya kutosha wewe usikie. Na asubuhi sisi ndiyo tunalala.

Basi nimekwenda kwa mkuu wa kituo, Mugabo, mtu wa miwani na karatasi. Diane alikuja nami. Nikamwambia, "Bwana Mkuu, tunataka Jumatano saa nane mchana, na tunataka mlango wa nyuma, ule wa bustani. Si kwa sababu tunaona haya. Ni kwa sababu mtu anayetaka kufa hana nguvu ya kubishana na foleni."

Alivua miwani. Kasema atafikiria. Nikamwambia afikirie nikiwa hapo hapo, nina muda, ziwa limefungwa. Diane akainama kuficha kicheko. Mugabo akafikiria kama dakika tano, huku anazipanga zile karatasi zake.

Tumepata Jumatano! Saa nane! Mlango wa bustani! Nimerudi uani nikiimba, na Béata akaidaka sauti ya pili bila kuombwa.

Jumatano, 27 Septemba

Jumatano yetu ya kwanza. Nilipanga viti kumi na mbili nikaogopa vitabaki vitupu. Saa nane kamili yuko Xavérine peke yake. Saa nane na robo Cyuzuzo. Halafu Tuyisenge na wengine, kwa makundi, wamejitanda, wanasukumana mlangoni kama wasichana wa shule. Wote kumi na mmoja. Diane aliongea kidogo akasikiliza sana. Mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akisema jambo lake aliongea nusu saa, na hakuna aliyetikisa hata kiti.

Katikati mlango umefunguliwa, ameingia Béata. Nilidhani amemletea Xavérine uji. Akabaki amesimama. "Mi siko wa kazi yenu," akasema. "Lakini mwezi ya ine, Aprili, ikifika, kila mwaka, tangu ile mwaka, silalake mpaka iishe. Na mi mniulize."

Hakuna hapa Rwanda mtu wa kuuliza ni mwaka upi. Xavérine akasogea, akampa nusu ya kiti chake.

Mimi niliandika humu kwamba ananidharau. Silifuti. Likae hapo nilione.

Jumapili, 1 Oktoba

Xavérine amekwenda Nyakiriba, na vile viatu. Amerudi bila viatu! Bibi kavipokea. Cyusa amevivaa hapo hapo akaruka navyo kwenye matope. Bado anamwita tantine.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Nikaitika. Nitarudi Jumapili ingine, na ingine. Atanizoea, nikiwa hai."

Jumapili, 8 Oktoba

Xavérine hakuamka. Nikavuta blanketi nikamwuliza pale pale, wazi wazi, kama Diane alivyotufundisha. Akafungua jicho moja. "Hapana, Mwalimu. Leo ni siku mubaya tu. Niache mpaka saa sita." Nilikaa natazama saa. Saa sita na dakika kumi ameamka, akaomba maji ya kunawa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimelala nimenyoosha miguu. Kitandani. Usiku mzima. Ni mstari mmoja tu lakini naupigia mstari chini.

Jumatatu, 16 Oktoba

Ziwa limefunguliwa! Narcisse ametuletea sambaza wa kwanza, wanang'aa, wamekua kweli. Koti lake la plastiki tulikuwa tumelifua, Xavérine kamrudishia akiwa ameweka ndani ya mfuko maandazi sita. Narcisse kaona haya mpaka masikioni. Uani tumekaanga, tumekula kwa mikono, mafuta hadi viwikoni, Béata akigawa pilipili na amri.

Baada ya kula nimeleta fomu mpya ya Xavérine, maana muda wake umefika. Tumekwenda pembeni. Nikasoma, akajibu. Usingizi, siku zingine. Chakula, si umeniona? Kujiona si kitu, bado kidogo, Jumapili jioni. Nikaandika kila kitu kama alivyokisema, hata pale nilipotamani aseme vingine.

Lilipofika la tisa aliniambia nimpe kalamu. Yeye kuandika si kazi yake, aliacha shule mapema. Akainama juu ya karatasi, ulimi nje, akaandika herufi kubwa zilizovuka kisanduku zikaingia pembeni. HAPANA. Akaitazama, akaipulizia kama chai.

"Hii peleka kwa Diane," akasema. "Umwambie ni mkono yangu."

Jumatano, 18 Oktoba

Asubuhi mlango umegongwa. Nilikuwa na kikombe mkononi, nikaenda nacho kufungua, nikiendelea kunywa.

Ni Xavérine. Tangu juzi amerudi chumbani kwake. Amevaa sweta la kijani. Akaninyooshea ufunguo. "Naenda Goma, kwa tante. Mara hii ni Goma ya kweli. Kabla ya saa nane niko hapa, sitakosa Jumatano."

Niliupokea ufunguo. Nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa sababu alianza kucheka, akatia mkono kifuani, akatoa kitambulisho, akakiinua juu kama refa anayetoa kadi, akazunguka nacho uani wote. "Iko hapa! Béata, angalia! Tuyisenge, uione! Iko na mimi!" Béata akapigapiga sufuria kwa mwiko. Mimi nilipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani akaitika. Akaenda, nikamsindikiza kwa macho mpaka kona ya petite barrière.

Nilifua. Nilipika. Sikutazama saa, isipokuwa mara nne au tano.

Saa saba na nusu amerudi, na kitenge cha njano begani, anapiga kelele tangu barabarani kwamba tumechelewa. Nimempa ufunguo wake.